Mipira Hamsini na Minne

Mstari wenyewe ni mfupi. Jicho linaweza kuupita lisijue limepita nini. Kushoto jina la mpigaji, Wadsworth. Katikati herufi moja, kisha jina la mrushaji, Nagenda. Kulia tarakimu 10. Umo katika karatasi ya alama ya mechi iliyochezwa Jumamosi ya tarehe 7 Juni 1975 kwenye uwanja wa Edgbaston, mjini Birmingham, siku ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume, kati ya New Zealand na timu iliyoitwa Afrika Mashariki. Anayejua kusoma karatasi za namna hiyo ataelewa papo hapo: mpira uliotoka mkononi mwa John Nagenda wa Uganda ulimpita Ken Wadsworth na gongo lake, ukagonga vijiti nyuma yake, naye akatoka na mikimbio yake 10. Hapakuwa na mdakaji wa kumsaidia Nagenda, wala mwamuzi wa kubembelezwa ainue kidole. Siku ile Nagenda alirusha ova tisa, yaani mipira 54, akatoa mikimbio 50 na kupata wiketi hiyo moja. Mechi ya pili hakupangwa, ya tatu hakupangwa, na baada ya hiyo ya tatu timu ikafunga mizigo. Maisha yake yote katika mechi za kimataifa za siku moja yalianza asubuhi na kwisha jioni ya siku hiyohiyo.

Nimeurudia mstari huo mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia habari za fainali zenye vikombe na vigelegele. Kinachonivuta ni adabu ya kriketi katika kuandika. Pembeni ya uwanja huketi waandika alama wawili, mmoja wa kila upande, kila mmoja na daftari lake pana lililopigwa visanduku. Kila mrushaji ana safu yake, kila ova ina kisanduku chake, na ndani ya kisanduku kila mpira una alama yake. Mpira uliozaa mikimbio huandikwa kwa tarakimu. Uliomtoa mtu huandikwa kwa herufi. Na ule ambao haukuzaa chochote, uliorushwa, ukazuiwa, ukaokotwa na kurudishwa kwa mrushaji bila mtu kukimbia hata hatua moja, nao haupotei: huwekewa nukta. Mrushaji akimaliza ova nzima bila kutoa mkimbio, nukta zake sita huunganishwa kwa kalamu zikawa herufi moja yenye miguu iliyotanuka. Mwamuzi akitoa ishara, huwatazama waandika alama mpaka wamjibu kwa kuinua mkono, kwamba wameona na wameandika. Kabla ya hapo mpira mwingine haurushwi. Kisha wale wawili hulinganisha hesabu zao, na zisipokubaliana hutafuta kosa liko wapi. Wino unaomwandika aliyeshinda ndio unaomwandika aliyeshindwa. Ushindi hauongezi ukubwa wa herufi, na aibu haifuti jina. Kwa hiyo mipira 54 ya Nagenda, ile iliyopigwa ikavuka kamba, ile isiyozaa kitu, na ule mmoja uliovunja vijiti, yote ilipata pa kukaa.

Mrushaji mwenyewe alizaliwa tarehe 25 Aprili 1938 huko Gahini, Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi, ambako baba yake, William Nagenda, Mganda, alikuwa kwenye kazi ya misheni. Gahini ni moja ya mahali ulipowaka ule uamsho wa Kikristo wa miaka ya 1930 uliosambaa Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika; waliouingia wanaitwa Balokole hadi leo, na William Nagenda alikuja kuwa mmoja wa wahubiri wake wakubwa. Katika mikutano ya uamsho mtu alisimama mbele ya wenzake akataja makosa yake waziwazi, moja baada ya jingine, bila kuficha dogo wala kubwa. Ninapofikiria nyumba ya namna hiyo, nyumba ambamo kila tendo lilistahili kutajwa, naona si ajabu kwamba mtoto aliyekulia humo alikwenda kuipenda kazi ya kuandika, na kuupenda mchezo ambao kila tendo lake huandikwa. Akasoma Makerere, akawa miongoni mwa vijana walioandika na kuhariri Penpoint, jarida la Idara ya Kiingereza ambamo Ngũgĩ wa Thiong'o naye alichapisha kazi zake za mwanzo. Mwaka 1986 ikatoka riwaya yake, The Seasons of Thomas Tebo. Kwa miaka mingi baadaye alikuwa na safu yake kila wiki katika gazeti la New Vision, kalamu kali, yenye marafiki na maadui, na alikuwa mshauri wa Rais Museveni. Watu wa Kampala wengi walimjua kwa hayo. Ile Jumamosi ya Birmingham ilikuwa imejificha nyuma ya mambo mengine yote aliyoyafanya, na siku ile alikuwa mtu mzima wa miaka 37, umri ambao warushaji wengi wa mwendo wa kasi wameshaanza kusikiliza magoti yao.

Mtu wa miaka 37 anayerusha mpira kwa kasi anafanya kazi nzito. Mpira wa kriketi una ngozi nyekundu iliyokazwa juu ya kizibo na nyuzi, una mshono ulioinuka unaouzunguka kiunoni, na una uzito wa gramu 160 hivi. Upande mmoja husuguliwa kwenye suruali mpaka ung'ae, wa pili huachwa uchakae, ili hewa iushike mpira visivyo sawa na kuupindisha njiani. Mrushaji huushika kwa vidole viwili kando ya mshono na kidole gumba chini yake. Hukimbia, huruka, na mguu wa mbele unapotua hubeba uzito wa mwili wote huku mkono ukizunguka juu ya bega bila kukunja kiwiko. Mara sita, halafu anapumzika huku mwenzake akirusha kutoka upande wa pili. Halafu mara sita tena. Nagenda alifanya hivyo mara 54 mbele ya watu ambao, tangu ova za mwanzo, walionyesha kwamba siku ile haikuwa ya Afrika Mashariki. Glenn Turner alisimama kwenye vijiti tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho wa ova zote 60, akapata mikimbio 171 bila kutolewa, idadi ambayo hakuna mpigaji aliyeizidi katika mechi ya kimataifa ya siku moja hadi mwaka 1983. New Zealand ikafika 309 kwa wiketi tano. Afrika Mashariki ikajibu kwa 128 kwa wiketi nane. Ikashindwa kwa mikimbio 181. Lakini ilicheza ova zake zote 60, haikumalizwa, na Frasat Ali peke yake alileta 45. Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wazee, na mimi nadhani walikuwa na maana kubwa kuliko ile tunayoitumia kumpooza aliyelala chali. Mshindani hupatikana kwanza kwa kukubali kwenda mahali ambapo atashindwa.

Kuhusu timu yenyewe kuna mengi ya kusema. Ilialikwa pamoja na Sri Lanka, katika mashindano ambayo Afrika Kusini haikuwemo, kwa kuwa serikali yake ya ubaguzi ilikuwa imeifanya nchi ile itengwe na dunia. Wachezaji walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya nahodha Harilal Shah wa Kenya. Juni 1975 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa bado hai kwa jina: tulikuwa na shirika moja la reli, shirika moja la ndege, posta moja. Kwa ndani ilikuwa imeshakauka. Tangu Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na mamlaka ya marais watatu ambayo ndiyo ilipaswa kuiongoza Jumuiya haikukutana tena. Mwezi uliofuata baada ya mashindano, Julai 1975, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Kampala. Tanzania na Zambia hazikwenda. Miaka miwili baadaye Jumuiya ikavunjika, na mwaka 1978 majeshi ya Amin yakaivamia Kagera, upande wa Tanzania. Katikati ya hayo yote, katika chumba cha kubadilishia nguo huko Uingereza, Mganda, Mkenya, Mtanzania na Mzambia walikaa benchi moja wakifunga kamba za viatu, wakatoka nje kwa jina moja. Marais hawakuweza. Wanaume hawa waliweza, kwa muda wa mechi tatu.

Ya pili kati ya hizo ndiyo inayonikaa zaidi moyoni. Tarehe 11 Juni, huko Headingley mjini Leeds, Afrika Mashariki ilikutana na India. Angalia majina ya waliotoka upande wa Afrika: Shah, Sethi, Quaraishy, Nana. Babu zao walivuka bahari kutoka Gujarati, Punjabu na kwingineko, wakaja kujenga maduka na reli na misikiti na mahekalu, na huku kwetu, miaka nenda miaka rudi, neno lilikuwa moja tu: Mhindi. Mwezi Agosti 1972, miaka mitatu kasoro kabla ya mechi ile, Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waliondoka na masanduku, wakaacha nyumba, makaburi na viwanja vya kriketi vilivyoota majani kwa kukosa wa kuvifyeka. Wengi walitua Uingereza, nchi ileile ambako sasa timu ilikuwa ikicheza. Na pale Leeds, wana wa jamii ile iliyoambiwa si ya Afrika walisimama mbele ya India wakiwa ndio Afrika. Jawahir Shah, mzaliwa wa Nairobi, alipata mikimbio 37, ya juu kuliko ya wenzake wote. Walimalizwa kwa 120, na Sunil Gavaskar na Farokh Engineer wakaipita hesabu hiyo bila hata mmoja wao kutolewa. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa India katika Kombe la Dunia, na India huukumbuka kama hatua ya mwanzo ya safari ndefu. Upande wetu je? Sisi tulikuwa na watu waliokataliwa nyumbani kwao wakivaa jina la nyumbani kifuani, na hatukuona kuwa hilo lilistahili hata hadithi ya kusimuliwa watoto.

Naijua sababu inayotolewa. Kriketi, watu husema, ni mchezo wa Wahindi na wazungu, haukuwa wetu. Timu ile inaukanusha usemi huo kwa kuwepo kwake tu. Nagenda na Sam Walusimba, Waganda wote wawili, walikuwemo pamoja na Harilal Shah na Don Pringle, Mwingereza aliyehamia Kenya. Jioni, ukipita Upanga hapa Dar es Salaam, utakuta watoto kwenye ua wa maghorofa wakirusha mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme, vijiti vyao ni kreti ya soda iliyosimamishwa wima, na ukisikiliza kelele zao hutaweza kusema yupi ni wa kabila gani, kwa maana wote wanabishana kwa Kiswahili kimoja kwamba yule katoka au hajatoka. Mchezo huwa wa yule anayeucheza. Kuuita wa fulani ni njia ya kujipa ruhusa ya kusahau, na kusahau kwetu kumekuwa kwingi.

Nirudi kwenye ufupi, maana ndio ulionileta hapa. Kriketi ina wenzake Nagenda wengi, watu wa mechi moja. Maarufu kuliko wote ni Andy Ganteaume wa Trinidad, aliyeingia katika mechi yake ya kwanza ya Test dhidi ya Uingereza mjini Port of Spain, Februari 1948, akapiga mikimbio 112 katika zamu yake pekee, na hakuitwa tena. Wastani wake ukabaki 112, juu ya 99.94 ya Don Bradman, ambaye dunia nzima inamtaja kuwa mpigaji mkuu kuliko wote. Ganteaume aliishi na tarakimu hiyo hadi kufa kwake mwaka 2016. Watu waliikuza kama maajabu, lakini ndani yake kulikuwa na dhuluma: alifanya alichoombwa na mlango ukafungwa. Kwa Nagenda hakuna maajabu ya hesabu. Mikimbio 50 kwa wiketi moja ni kazi ya kawaida ya siku ngumu. Ndiyo maana namwona karibu zaidi. Sehemu kubwa ya binadamu hawatafanya la kushangaza katika siku yao moja. Watafanya kazi, watapigwa, watapata kimoja, jua litakuchwa.

Na ni nani aliyesema kwamba alichokipata ni kidogo? Wadsworth, yule aliyetolewa, alikuwa mlinda wiketi wa New Zealand, kijana wa miaka 28, mwenye nguvu, mwenye miaka mingi ya mchezo mbele yake kama mtu angepiga hesabu siku ile. Agosti 1976 alifariki kwa saratani akiwa na miaka 29. Don Pringle, aliyecheza mechi mbili za mwisho za Afrika Mashariki, alikufa kwa ajali ya gari huko Kenya mnamo Oktoba 1975, hata miezi minne haikutimia tangu Kombe la Dunia. Mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, alikuja kuichezea Uingereza, na mwaka 1992 alicheza fainali ya Kombe la Dunia. Hakuna marefu yasiyo na ncha, lakini ncha haitoi taarifa. Mpira uliovunja vijiti vya Wadsworth ulikutanisha watu wawili ambao mmoja alikuwa na mwaka mmoja na ushei wa kuishi, na mwingine miaka 47 na zaidi. Aliyeonekana kuwa mwisho wa mchezo ndiye aliyekuwa na safari ndefu. Waandika alama, wakiinamia madaftari yao, waliwaandika wote wawili katika mstari mmoja kwa sababu ndivyo mpira ulivyotokea, na mpaka leo hakuna anayeweza kumtaja mmoja katika mstari ule bila kumtaja mwenzake.

Sasa naomba msomaji anifuate Kampala, majuma yaleyale. Juni 1975, Denis Hills, mwalimu Mwingereza aliyeishi Uganda, alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi kwa sababu ya maneno aliyoandika kumhusu Amin katika mswada wa kitabu. Aliponea chupuchupu, maana serikali yake ilimpigania na mwezi uliofuata akaachiwa. Wako ambao hawakuwa na serikali ya kuwapigania, kwa kuwa serikali yao ndiyo iliyowaua. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na askari kutoka ndani ya Mahakama Kuu, mchana kweupe, na mwili wake haukupatikana. Huyo alikuwa Jaji Mkuu, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, na kwa hiyo jina lake tunalo. Maelfu kwa maelfu ya wengine waliingizwa kwenye buti za magari wakapelekwa wasikojulikana, pasipo karatasi, pasipo tarehe, pasipo shahidi aliyethubutu kusema niliona. Utawala wa namna ile huogopa daftari kuliko bunduki. Kwanza huua mtu, kisha huua habari yake, na hiyo ya pili ndiyo inayowamaliza waliobaki, kwa sababu mama hawezi kumlilia vizuri mwana ambaye hakuna anayekiri kwamba alikuwepo.

Ndipo napenda kukumbuka kazi aliyoifanya Nagenda miaka kadhaa baadaye. Mwaka 1986 serikali mpya ya Uganda iliunda tume ya kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu uliofanyika tangu uhuru mwaka 1962 hadi Januari 1986, chini ya Jaji Arthur Oder, na Nagenda akawa mjumbe wake. Tume ile ilisikiliza watu kwa miaka. Walikuja wajane, walikuja waliokatwa viungo, walikuja waliotoroka mahabusu, wakasimama wakasema nani alichukuliwa, lini, saa ngapi, alikuwa amevaa nini, gari lilikuwa la rangi gani. Ripoti ilitoka mwaka 1994. Inaweza kulaumiwa kwa mengi, hasa kwa wachache waliofikishwa mbele ya sheria, na lawama hiyo naiona ni ya haki. Hata hivyo kuandika kulifanyika. Nami sioni kwamba yule aliyeketi pale akisikiliza alikuwa mtu mwingine na yule wa Edgbaston. Alikulia kwenye nyumba ya kutaja, akacheza mchezo wa kuandika kila mpira, akaandika riwaya, kisha akaingia katika kazi ya kurudisha majina ya watu waliokuwa wamefutwa. Safu za magazetini alizoziandika kila wiki zilimpa sifa na ugomvi. Mimi naupima mwendo wake kwa hayo mengine.

Tuna methali ngumu isemayo mla ni mla leo, mla jana kala nini. Inasemwa sokoni na kwenye siasa, na mwenye njaa ana haki ya kuisema. Lakini ikigeuzwa kuwa kanuni ya kuwatazama waliotutangulia, inatuacha maskini. Mla jana alikula, na alipika, na wakati mwingine alikula kidogo ili sufuria lisiwe tupu leo. Kenya ilipoifunga West Indies mjini Pune Februari 1996, ikamaliza nyota wale wote kwa mikimbio 93, na ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 chini ya Steve Tikolo, njia ya kwenda huko ilikuwa imeshafunguliwa na wale waliofungwa mara tatu mwaka 1975. Kenya iliingia ikiwa peke yake, Afrika Mashariki haikuwepo tena, ile timu ikiwa imekufa polepole baada ya Wakenya kujitoa. Kile kilichowahi kuwa kimoja kilikuwa kimeshagawanywa. Sisemi kwamba ingewezekana vinginevyo. Ila nikitazama bendera zetu zikipepea kila moja upande wake, najiuliza ni mangapi tungeyafanya kama benchi lile la Birmingham lingedumu hata miaka kumi.

Nagenda alifariki tarehe 4 Machi 2023, akiwa na umri unaokaribia miaka 85. Mwezi Novemba mwaka huohuo, mjini Windhoek, Uganda iliishinda Rwanda, nchi aliyozaliwa yeye, na kwa ushindi huo ikafuzu kwenda Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza kwa jina lake yenyewe. Juni 2024, katika uwanja wa Providence nchini Guyana, ilishinda mechi yake ya kwanza, dhidi ya Papua New Guinea, chini ya nahodha Brian Masaba. Siku hiyo alirusha mtu mmoja aitwaye Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, aliyeanza akiwa kijana wa miaka 16 mwaka 1997 na timu ya Afrika Mashariki na Kati, mabaki ya mwisho ya ile timu ya zamani. Miaka 27 alingoja. Alipewa mipira 24. Akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Nagenda alipata siku yake, akaishi karibu nusu karne baada yake. Nsubuga alitumia ujana wake wote kuifikia yake. Ukiwauliza wenye daftari, Nsubuga ana mipira 24 pale na Nagenda ana 54 kule, basi. Tarehe 14 Juni 2024, huko Tarouba nchini Trinidad, Uganda ikakutana na New Zealand, na ikamalizwa kwa mikimbio 40. Tarehe kama hiyo mwaka 1975 Afrika Mashariki ilimalizwa kwa 94 na Uingereza, John Snow akichukua wiketi nne kwa mikimbio 11.

Wachezaji wa 1975 walio hai leo ni wazee. Ningependa viwanja vyetu, Lugogo kule Kampala, Gymkhana za Nairobi na Dar es Salaam, na vya Zambia pia, viwe na ubao wenye majina yao wote kwa orodha moja, Shah na Walusimba na Sethi na Nagenda na wengine, bila kuyatenga kwa nchi wala kwa asili, na pembeni ya kila jina alichokifanya: mikimbio, wiketi, au mechi moja tu. Hesabu zote zipo, zimetunzwa na wageni tangu mwaka 1975. Na kazi hiyo ifanywe sasa, wakati bado wapo wa kuja kujisomea wenyewe.